Somo la Redio: Kupima Ugonjwa wa Samaki Kando ya Bwawa

Natumaini kila mtu amekwisha kupata mahali pa kukaa, na daftari limefunguliwa mbele yake. Mwalimu wa darasa, kabla sijaanza nakuomba uandike ubaoni maneno matatu kwa herufi kubwa: SAMPULI, MATAMVUA, KIRUSI. Kila moja nitalieleza tutakapolifikia.

Leo nazungumza hasa na wenye mabwawa ya samaki kuzunguka Mlima Meru, kuanzia viunga vya mji wa Arusha, Tengeru, hata Usa River na kushuka chini. Lakini wewe usiye na bwawa usiondoke. Pengine wanunua sato katika soko la Kilombero, au jirani yako ana bwawa na maji yake yanapita shambani kwako. Kwa hiyo habari hii ni yako pia.

Kufuga samaki si jambo la jana katika nchi yetu. Majaribio ya mabwawa ya perege yalianza Korogwe na Malya mwaka 1949. Mtumishi wa kazi hiyo wazee wetu walimwita Bwana Samaki. Siku hizi twamwita Afisa Uvuvi, naye hutafutwa katika ofisi ya halmashauri. Tangu siku zile mengi yamebadilika, lakini asubuhi moja mbaya ingali ile ile: mtu anakwenda bwawani na ndoo yake ya pumba, anakuta samaki wanaelea, matumbo juu.

Afanye nini? Watu wengi hufanya moja kati ya mambo matatu. Wa kwanza hufungua mlango wa maji ili bwawa lote limwagike. Wa pili hukimbilia duka la pembejeo, akanunua dawa yoyote atakayopewa, akaimwaga majini. Wa tatu huvua upesi samaki wote waliobaki akawauza kabla hawajafa. Huenda mmoja wao akabahatika. Lakini wote watatu wamefanya jambo kabla ya kujua ni nini kinachowaua samaki wao.

Sikilizeni mazungumzo haya. Tumeyatunga sisi hapa studio, ila mambo yenyewe mtayatambua. Afisa Uvuvi amefika kwa mama mmoja mwenye mabwawa mawili.

AFISA: Hodi hapa!

MAMA: Karibu.

AFISA: Shikamoo, mama.

MAMA: Marahaba, mwanangu. Karibu, ila leo sina hata chai ya kukupa. Akili yote iko bwawani.

AFISA: Pole sana, mama. Nipe kwanza maji na sabuni nioshe viatu.

MAMA: Uoshe viatu kwenda kwenye matope?

AFISA: Ndiyo, mama. Asubuhi nilikuwa kwenye bwawa la mtu mwingine. Sitaki kukuletea yaliyo kwake. Haya, wamekufa wangapi?

MAMA: Jana wanne. Leo sikuhesabu, lakini ona ndoo ilivyojaa.

AFISA: Na juzi?

MAMA: Juzi sikumbuki. Mwanangu ameniletea dawa, ile wanayowapa kuku. Nilitaka kuimwaga leo, halafu nifungue maji ya zamani yatoke, niingize mapya.

AFISA: Yakitoka yanakwenda wapi?

MAMA: Si kwenye mfereji.

AFISA: Na mfereji unakwenda wapi?

MAMA: Unashuka kwa shemeji yangu. Naye ana bwawa. Ana vifaranga amevinunua mwezi uliopita tu. Lo! Basi vizuri sijafungua.

Hapo nitawakatiza kidogo. Ndugu zangu wa Meru na Arusha mwaijua mifereji kuliko mimi. Maji yanatoka msituni juu ya mlima, yanagawanywa kwa zamu, yanapita kwa huyu, yanakwenda kwa yule. Yakimaliza mashamba, yanakusanyika katika Mto Kikuletwa, na mto huo unaingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako watu wengi wanaishi kwa uvuvi. Kwa mahindi na migomba, mfereji ni baraka tupu. Kwa ugonjwa wa samaki, mfereji ni barabara ya lami. Vijidudu havilipi nauli. Ndiyo maana mlango wa maji ni kitu cha kwanza kutoguswa, hata kama mikono inawasha.

Sasa turudi kwenye kupima. Utashangaa nikikuambia kwamba kipimo cha kwanza si cha samaki. Ni cha maji.

Samaki huvuta hewa iliyoyeyuka ndani ya maji. Huivuta kwa MATAMVUA, yaani ile nyama nyekundu iliyo chini ya kifuniko cha shavu lake. Ndilo neno letu la kwanza ubaoni. Mchana mimea midogo ya kijani iliyomo majini hutengeneza hewa hiyo kwa nguvu za jua. Usiku haitengenezi; nayo yenyewe huitumia, pamoja na samaki, pamoja na samadi inayooza chini. Basi kabla ya mapambazuko hewa huwa imebaki kidogo sana. Ukiona alfajiri samaki wote, wakubwa kwa wadogo, wako juu wanapanua midomo, na wengi wamekufa kwa usiku mmoja, kisha saa sita mchana waliobaki wanaogelea kama kwamba hakuna jambo, hapo shaka yako ya kwanza iwe juu ya hewa. Kwa kawaida ugonjwa hauendi hivyo. Ugonjwa huanza na wawili leo, watano kesho, kumi na wawili keshokutwa, na samaki huanza kukataa chakula kabla ya kufa.

Mimi mwenyewe niliwahi kuzika ndoo mbili za samaki nikiamini wameingiliwa na maradhi. Kumbe siku iliyotangulia nilikuwa nimemwaga samadi ya ng'ombe bila kupima, kwa uroho wa kutaka maji yawe ya kijani upesi. Hakuna kijidudu aliyewaua wale. Niliwaua mimi.

Afisa huja na kifaa kidogo cha kupima hewa ya maji. Ikiwa ni miligramu 5 au zaidi katika lita moja, sato hana taabu. Ikishuka chini ya 3, yuko mashakani. Ana pia vikaratasi na dawa za matone zinazobadili rangi, za kupima uchungu wa maji na ile sumu itokayo katika kinyesi cha samaki na chakula kilichooza, iitwayo amonia. Halafu ana kipimajoto. Huku kwetu mlimani kipimajoto si cha kudharau hata kidogo. Sato ni samaki wa maji ya moto. Hustawi katika nyuzi 25 hadi 30. Mwezi wa Juni na wa Julai, maji yanayotoka juu yakiwa baridi na jua limefichwa na mawingu wiki nzima, bwawa laweza kushuka chini ya nyuzi 20. Hapo sato hula kwa uvivu. Likishuka zaidi huacha kula kabisa, mwili wake hudhoofu, na ukungu humwota ngozini kama pamba nyeupe, hasa pale alipochubuliwa na wavu. Kumwagia dawa samaki wa namna hiyo ni kupoteza fedha. Mpunguzie chakula, na usimvue ovyo wakati wa baridi.

Vipimo hivyo vyote vyachukua kama nusu saa. Na kama huna afisa siku hiyo, chukua sahani nyeupe, ifunge kwenye kijiti, uizamishe polepole. Ikipotea machoni kabla hujafika kina cha shubiri moja, maji yako ni mazito mno.

Haya, tuseme maji yamepimwa na hayana kasoro kubwa. Ndipo tumgeukie samaki.

Hapa kuna jambo ambalo yafaa ulielewe vizuri, maana ndilo linalofanya kipimo kiwe na faida. Magonjwa ya samaki yanafanana kwa nje. Samaki ana mabaka mekundu na vidonda: yaweza kuwa bakteria aitwaye Aeromonas, ambaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wamemkuta katika sato wa mabwawa ya nchi yetu. Lakini mabaka na vidonda hivyo hivyo huletwa pia na kirusi. Macho yametoka nje na samaki anazunguka kama pia: mara nyingi ni bakteria wa jamii nyingine, Streptococcus. Macho yana ukungu, tumbo limevimba: laweza kuwa hili au lile. Hata fundi mwenye macho makali atakisia tu. Na tofauti yake ni kubwa, kwa sababu bakteria yaweza kutibika, lakini kirusi hakina dawa.

KIRUSI ndilo neno letu la pili leo. Ni kijidudu kidogo kupita bakteria. Hakiwezi kuzaana mpaka kiingie ndani ya mwili wa kiumbe hai. Dawa za kuua bakteria, kama ile ya kuku ya mama yetu, hazikifanyi lolote. Zaidi ya hayo, ukimwaga dawa hiyo majini mara kwa mara, bakteria waliomo huizoea, na siku utakapoihitaji kwa kweli haitafanya kazi, kwa samaki wala kwa mtu.

Kipimo cha kwanza cha samaki ni hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Afisa hukwangua ute kidogo wa ngozi, hukata ncha ya utamvua mmoja, huviweka juu ya kioo na tone la maji ya bwawa, hutazama. Kama kuna wadudu, huwaona wakitembea. Mmoja wao ni mviringo kama gurudumu lenye meno, naye huzunguka kweli kama gurudumu. Mwenye bwawa akiruhusiwa kutazama hasahau tena. Kipimo hiki ni cha zamani, ni rahisi, na majibu yake hutoka papo hapo. Mimi nakipenda kuliko vyote, ingawa hakiwezi kuonyesha virusi.

Kwa virusi kuna vipimo vipya. Kimoja ni cha kijikaratasi. Wengi mmekiona zahanati, kile cha malaria: tone la damu, tone la maji, unangoja, mistari inatokea. Vijikaratasi vya namna hiyo vimetengenezwa kwa baadhi ya magonjwa ya wanyama wa majini, kama ugonjwa wa madoa meupe wa kamba. Yafaa ujue kuvisoma. Mstari wenye herufi C ni wa kukuonyesha kwamba kijikaratasi chenyewe ni kizima. Usipotokea huo, hakuna jibu lolote. Hicho ni cha kutupwa. Na kabla ya kukifungua soma tarehe ya mwisho iliyopigwa chapa juu ya pakiti. Mwaka jana labda ungemwomba mtoto akusomee. Leo soma wewe.

Kipimo kingine chatafuta vinasaba. Ndugu zetu Waarusha na Wamasai hukata masikio ya ng'ombe kwa alama ya ukoo, hata ng'ombe akipotea katika kundi la watu mia hutambulika. Kila kijidudu nacho kina alama yake, imeandikwa ndani ya mwili wake, na ndiyo tuitayo vinasaba. Taabu ni kwamba katika kipande cha ini la samaki alama hiyo yaweza kuwa chache mno. Basi wataalamu huizidisha. Moja huwa mbili, mbili huwa nne, nne huwa nane. Mwalimu, simamisha kidogo hapa, wanafunzi waendelee ubaoni. Mkizidisha mara 20 mtapata 1,048,576. Kutoka alama moja! Kitu kilichokuwa hakionekani sasa kinaonekana.

Njia ya kwanza ya kuzidisha hivyo ilibuniwa Marekani mwaka 1983 na Kary Mullis, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Lakini njia yake yahitaji mashine ya kupasha moto na kupoza, kupasha na kupoza, mara nyingi, na hiyo kwa muda mrefu ilikuwa kazi ya maabara yenye umeme wa uhakika. Mwaka 2000 wataalamu wa Japani walitangaza njia nyingine, iitwayo LAMP, ambayo yataka joto la namna moja tu, kama nyuzi 60 hadi 65, kwa nusu saa hadi saa moja. Wako watafiti waliopata joto hilo kwa chupa ya chai tu. Kuna LAMP ya namna inayobadili rangi: kijichupa kikianza na rangi ya waridi kikaishia manjano, alama imepatikana, kikibaki cha waridi, haikupatikana.

Vipimo hivi vya vinasaba bado vimo zaidi mikononi mwa watafiti kuliko katika mikoba ya maafisa wa halmashauri. Usimlaumu afisa wako akija na hadubini peke yake. Kazi yake hapo ni kuchukua sampuli na kuipeleka penye kipimo. Sisi wa Arusha hatuko mbali na wataalamu: Wakala wa Maabara ya Veterinari ana kituo Arusha, na pale Tengeru iko Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia, iliyozinduliwa mwaka 2012.

Je, haya ya kupima shambani ni ndoto? Si ndoto. Mwaka 2018 watafiti wa Tanzania, Uganda na Kenya, pamoja na Laura Boykin wa Australia, walikwenda mashambani kwa wakulima wa mihogo na mashine ya kusoma vinasaba inayoenea mkononi. Walikaa chini ya mti, wakapima majani, wakatoa majibu kwa saa chache, siku ile ile, mkulima akiwa amesimama pale. Zamani mkulima huyo angengoja miezi. Mhogo si samaki, lakini virusi ni virusi, na mashine ya namna hiyo hiyo imekwisha kutumiwa kusoma kirusi kilichoua sato kwa wingi katika Ziwa Volta, Ghana, kuanzia mwaka 2018.

Sasa niwaambie kwa nini haraka hii yatuhusu. Mwaka 2009 wafugaji wa samaki wa Israeli walianza kuona sato wao wakifa kwa wingi, nao wavuvi wa Ziwa la Galilaya walikuwa wakilalamika kwamba samaki wamepungua. Ilichukua mpaka mwaka 2014 kuandika kwa uhakika kwamba ni kirusi kipya. Kikaitwa kirusi cha tilapia cha ziwani, kwa kifupi TiLV. Katika miaka ile mitano hakuna aliyeweza kukipima, kwa kuwa hakuna aliyejua alama yake, na vifaranga viliuzwa kama kawaida. Mwezi wa Mei mwaka 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, likatoa onyo kwa nchi zote. Mahali pengine kirusi hicho kimeua hata samaki 90 katika kila 100 wa bwawa.

Mwaka 2018 ikachapwa habari ya sato wa Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na wa Uganda, wa kufugwa na wa ziwani. Baadhi yao walikutwa na alama ya TiLV. Lakini samaki hao hawakuwa wagonjwa. Waliogelea, walikula, walionekana wazima. Hapo fikirini, ndugu zangu. Mtu akinunua vifaranga kwa kutazama kwa macho, akasema hawa wamechangamka, niwekee elfu moja, hajui amebeba nini katika mfuko ule wa plastiki. Kupima wakati samaki wanakufa ni vyema. Kupima vifaranga kabla ya kuwatia bwawani ni bora mara mia, na hapo ndipo mimi ningeweka shilingi yangu ya kwanza.

Kuhusu mtu anayekula: TiLV haijulikani kumdhuru binadamu. Hata hivyo samaki aliyekufa mwenyewe bwawani haliwi wala hauzwi, kwa kuwa hujui amekufa na nini na tangu saa ngapi.

Turudi kwa mama yetu. Afisa amekwisha kupima maji. Hewa ilikuwa ndogo kidogo, si ya kuua. Sasa anataka SAMPULI, neno letu la tatu: sehemu ndogo unayoichukua ili ikuambie habari ya kitu kizima, kama mwanamke anavyoonja mchuzi kwa ncha ya kijiko.

MAMA: Chukua hawa wa kwenye ndoo, mwanangu, wamejaa tele.

AFISA: Hapana, mama. Hawa wamekwisha kuoza. Nikiwapima hawa nitapata vijidudu vya kuoza, si vilivyowaua. Nataka yule pale anayeogelea upande upande, na yule aliyejitenga pembeni.

MAMA: Na wazima?

AFISA: Nao nitachukua wachache.

MAMA: Mmoja hatoshi?

AFISA: Mama, ukiwa na gunia la maharage, kumi katika kila mia yametobolewa na wadudu, ukachomoa punje moja, utaliona lililotobolewa?

MAMA: Labda. Labda nisilione.

Mama amesema kweli. Ikiwa samaki 10 katika kila 100 wana ugonjwa, yakupasa kupima kama 30 ili uwe karibu na hakika kwamba hautakuponyoka. Ikiwa ni 5 katika 100, utahitaji kama 60. Ndiyo sababu jibu la "hakuna" kutoka samaki wawili si ruhusa ya kulala usingizi. Kipimo hakikusema bwawa ni safi. Kimesema samaki hao wawili hawakuonekana na alama ile moja iliyotafutwa. Kimetafuta TiLV, hakikutafuta kingine. Na jibu la "yupo" nalo laweza kukosea, ikiwa kisu kilichokata samaki wa bwawa la kwanza ndicho kilichokata wa bwawa la pili bila kusafishwa.

Afisa anakata kipande cha ini, cha figo na cha matamvua, kila kimoja kama punje ya mahindi, anavitia katika vijichupa vyenye spiriti kali. Wazee msicheke: gongo haifai kwa kazi hii, haina nguvu ya kutosha, na tena ni haramu kwa sheria. Kwa kutafuta bakteria walio hai, spiriti haitumiki, maana itawaua. Samaki mzima huwekwa juu ya barafu na kufikishwa maabara siku hiyo hiyo. Juu ya kijichupa afisa anaandika kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka katika spiriti, na sampuli isiyo na jina ni sawa na mtoto aliyeokotwa njiani.

MAMA: Umeona nini humo kwenye hadubini?

AFISA: Tazama mwenyewe, mama. Funga jicho moja.

MAMA: Yesu wangu! Vigurudumu! Vinazunguka!

AFISA: Ndivyo. Vimejaa kwenye matamvua. Vinapenda bwawa lililojaa samaki kupita kiasi na chakula kilichobaki chini. Dawa ya kuku isingevigusa.

MAMA: Basi ndivyo vinavyoua?

AFISA: Vyatosha kuua. Lakini sitasema ni hivyo peke yake mpaka jibu la sampuli litoke. Kwa leo punguza chakula nusu. Samaki unaoweza kuwashika, waoshe kwa maji ya chumvi: gramu 10 kwa kila lita moja, dakika 10, nawe usimame hapo hapo, akianza kupinduka mtoe upesi. Ongeza maji safi polepole. Lakini mlango wa kutokea ubaki umefungwa.

MAMA: Na hawa wa ndoo?

AFISA: Chimba shimo mbali na mfereji, watie chokaa, fukia vizuri, mbwa wasifukue. Wavu huu usiupeleke bwawa la pili. Usipeleke pia kwa shemeji.

MAMA: Ameniomba wavu huo kwa kesho.

AFISA: Mwambie angoje, umwambie na sababu.

Hilo la kumwambia shemeji ni gumu kuliko kuchimba shimo. Mtu huona haya kusema bwawa langu linaumwa. Anaogopa wateja watakimbia na majirani watanong'ona. Lakini shemeji akijua leo, ataziba mfereji wake siku chache na vifaranga vyake vitapona. Asipojua, mtakutana wote kwa afisa wiki ijayo, na maneno yatakuwa mengine.

Kama jibu lingekuja kwamba ni kirusi, mama asingekuwa na dawa ya kununua. Angeacha kabisa kuhamisha samaki. Angefuata shauri la afisa juu ya waliobaki, kisha bwawa likaushwe juani mpaka udongo upasuke, limwagiwe chokaa kiasi cha kilo 10 kwa kila mita za mraba 100, likae wiki mbili au zaidi, ndipo lijazwe na vifaranga vilivyopimwa.

Sasa kazi ya daftari. Mmekumbuka afisa alipouliza juzi walikufa wangapi, na mama akasema hakumbuki? Jibu lile lingemsaidia kujua kama vifo vinapanda taratibu au vimekuja kwa usiku mmoja, na kipimo chochote duniani hakiwezi kurudi nyuma kumhesabia. Jioni ile ile mama alichukua daftari la darasa la watu wazima, akaligeuza nyuma, akaanza kuandika kwa penseli. Mwalimu, liandike ubaoni kama lilivyo, wanafunzi walinakili, kisha kila mmoja aandike la bwawa lake. Asiye na bwawa aandike la kuku wake.

Bwawa la juu. Jumanne asubuhi.
Waliokufa: 9. Wanaozunguka pembeni: 3.
Maji: nyuzi 21. Rangi: kijani kizito.
Chakula: nusu ndoo. Wamekula kidogo.
Mlango wa maji: umefungwa.
Nimemwambia shemeji.